Kosa Limetoka Wapi? Kutafuta Chanzo cha Makosa ya Kiingereza katika Daftari la Mwanafunzi

Daftari la insha likirudi limejaa wino mwekundu, wanafunzi wengi hutazama alama kisha wakalifunga. Wachache hunakili masahihisho neno kwa neno, na wiki inayofuata kosa lile lile linarudi katika sentensi nyingine. Linarudi kwa sababu kilichosahihishwa ni neno tu. Chanzo hakikuguswa.

Mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta historia, biolojia na jiografia zote zinafundishwa kwa Kiingereza, hakosei ovyo ovyo. Anafuata sarufi, tena anaifuata vizuri sana. Ila sarufi anayoifuata ni ya Kiswahili. Ndiyo maana makosa ya mwanafunzi wa Tanga yanafanana na ya mwanafunzi wa Songea, na mengi kati yake utayakuta Mombasa pia. Ukishajua ni kanuni ipi ya Kiswahili imeingia mahali isipotakiwa, makosa ishirini yanaondoka kwa mkupuo mmoja.

Chukua insha zako mbili tatu za mwisho na penseli, usome maelezo haya ukiwa nazo mkononi. Usihangaike na kila kosa. Tafuta linalojirudia, kisha anza na hilo.

Hadithi inaanza jana, katikati inageuka kuwa leo

Dalili ni hii: "Yesterday my uncle went to the market, he buy fish, he come home and he cook." Kitenzi cha kwanza kiko sawa, vinavyofuata vyote vimepoteza wakati.

Mwalimu huandika pembeni "tense!" na mwanafunzi hushangaa, maana anajua fika kwamba "bought" ni wakati uliopita wa "buy". Ukimuuliza peke yake atakujibu bila kusita. Kwa nini basi hakuandika? Tazama sentensi hiyo kwa Kiswahili: "Jana mjomba alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi nyumbani, akapika." Kiambishi -li- kimetokea mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo kazi imechukuliwa na -ka-, ambacho hakina wakati wake chenyewe bali hufuata wakati uliokwisha kutajwa. Masikioni mwa Mswahili, ukishasema "alikwenda" umeshamaliza suala la lini. Kiingereza hakina kitu kama -ka-. Kila kitenzi katika masimulizi kinabeba wakati wake chenyewe, hata viwe kumi: went, bought, came, cooked.

Dawa yake si kukariri orodha ya vitenzi, hiyo pengine unayo tayari. Ukimaliza kuandika hadithi, rudi mwanzo usome vitenzi peke yake. Usisome habari. Pigia kila kitenzi mstari, na ukikifikia uulize: hiki kilitokea lini? Mara ya kwanza itakuchosha, lakini aya moja ikishasomwa hivyo utaona mwenyewe mahali -ka- ilipokuponyoka.

Chanzo hicho hicho ndicho kinacholeta mnyororo wa "and": "I woke up and I washed my face and I took tea and I went to school." Ile -ka- ina maana ya "kisha" ndani yake, na mwanafunzi anajaribu kuileta yote. Kwa Kiingereza, vitendo vinavyofuatana vya mtu mmoja hutenganishwa kwa mkato, "and" ikabaki kabla ya cha mwisho, na nafsi haitajwi upya: "I woke up, washed my face, took tea and went to school."

"When I entered, the baby has slept"

Hili ndilo kosa ninaloliona likisahihishwa kila siku na kuelezwa mara chache mno. Wanafunzi huandika "The man has worn a white kanzu" wakimaanisha kwamba amevaa, hivi sasa, unamwona. Huandika "The baby has slept" wakimaanisha kwamba amelala.

Darasani tulifundishwa kwamba -me- ni sawa na "has" au "have". Mara nyingi ni kweli: "amefika" ni "he has arrived". Lakini kwa vitenzi vya mkao na hali, -me- ya Kiswahili inaeleza hali iliyopo baada ya kitendo kukamilika. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa, amebeba, amechoka, ameshiba, ameoa: zote zinaeleza mtu alivyo sasa. Kiingereza huzisema hali hizo kwa "is": he is asleep, he is standing, he is sitting, he is wearing, he is carrying, he is tired, he is full, he is married.

Jiulize hivi: nikimpiga picha mtu huyu sasa, hali hiyo itaonekana au atakuwa nayo bado? Kama jibu ni ndiyo, iache "has" na utumie "is". Katika masimulizi ya zamani "is" inakuwa "was": "When I entered, the baby was asleep."

Kuna mtego wa pili wa -me-. Kwenye mazungumzo tunasema "nimefika jana" bila tatizo. Kiingereza sanifu hakikubali "I have arrived yesterday". Ukishataja muda uliokwisha, kama yesterday, last week, in 2019 au two days ago, "have" inaondoka: "I arrived yesterday."

"My father he works", "the book which I bought it"

Sentensi hizi mbili zinaonekana tofauti lakini zinatoka mahali pamoja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda na mara nyingi mtendwa: katika "baba anafanya kazi", a- inamrudia baba, na katika "kitabu nilichokinunua", -ki- inakirudia kitabu. Mwanafunzi anahisi kwamba bila "he" na bila "it" sentensi imebaki na pengo.

Kiingereza humtaja mtu mara moja. Ukishaandika "my father", nafasi ya mtenda imejaa. Ukishaandika "which", nafasi ya kitabu imejaa: "The book which I bought yesterday is torn." Funika "my father" kwa kidole usome iliyobaki, kisha funika "he" usome tena. Kama sentensi inasimama kila mara, moja limezidi.

Hapo hapo linakaa tatizo la "he" na "she". Tunaandika "My mother, he is a nurse" kwa kuwa "yeye" na a- hazibagui mwanamke na mwanamume. Ugonjwa huu hauishi kwa kueleweshwa, maana kila mtu anaelewa. Unaisha kwa zoezi: simulia kwa mdomo, kwa sauti, habari za mama au dada yako kwa dakika mbili kila jioni, mpaka "she" na "her" zianze kutoka zenyewe.

"She go", "he didn't went"

Kwa Kiswahili nafsi inaonyeshwa mbele: a-nakwenda, wa-nakwenda, tu-nakwenda. Mwisho wa kitenzi haubadiliki kwa sababu ya mtenda. Aliyeandika "She go" ameshaweka alama ya nafsi mbele, ambayo ni "she", na kwake kazi imekwisha. Ile "s" ya "goes" inaonekana kama pambo. Si pambo, na haiachwi, ila inakuja kwa mtu mmoja au kitu kimoja kinachosemwa habari zake (he, she, it), si kwa "I" wala "you", wakati uliopo.

Kuhusu "didn't went", Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Alikwenda, hakwenda. Alisoma, hakusoma. Hakuna anayesema "hakulisoma" akimaanisha "hakusoma", kwa sababu -ku- imeshabeba wakati uliopita na -li- haina nafasi tena. "Did" inafanya kazi ile ile. Ikishaingia, kitenzi kinarudi katika umbo lake la awali: didn't go, didn't read, did she come?

Nomino zimesimama uchi: "I saw dog in road"

Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo mwanafunzi ama anaziacha zote ama anazinyunyiza kwa kubahatisha. Hapa inafaa kutulia, maana hakuna kosa lenye idadi kubwa kuliko hili kwenye insha.

Ukifika kwenye nomino, uliza kwanza kama kitu chenyewe kinahesabika. Mbwa anahesabika, maji hayahesabiki. Kama kinahesabika na ni kimoja, hakiwezi kusimama peke yake. Lazima kiwe na kitu mbele yake: a, an, the, my, this, one. Kanuni hii peke yake ingeondoa nusu ya wino mwekundu niliowahi kuuona katika aya za maelezo. "I saw dog" haiwezekani kabisa.

Kisha uliza: msomaji wangu anajua ni kipi ninachokisema? Kama hajui, ni "a". Kama anajua, kwa kuwa nimeshakitaja au kwa kuwa kipo kimoja tu, ni "the". "I saw a dog on the road. The dog was limping."

Wengi husema hawaihisi tofauti hiyo. Wanaihisi, ila hawajajua kwamba wanaihisi. Linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Ya kwanza ni kitabu fulani tu. Ya pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Ukisikia -ki- au -li- au -i- ya namna hiyo, yaani ya mtendwa (si -li- ya wakati), ikijitokeza katika kitenzi kichwani mwako, mara nyingi Kiingereza chake kinataka "the".

Kwa visivyohesabika, kuna kundi dogo linalowaponza wengi: information, advice, furniture, homework, luggage, equipment. Kwa Kiswahili taarifa ni nyingi na samani ni nyingi, hivyo "informations" na "furnitures" zinaonekana halali. Sivyo. Ukitaka kuhesabu, sema "a piece of advice" au "two pieces of luggage". Nayo "news", ingawa ina s, huenda na "is".

"If I would know, I would come"

Ningejua, ningekuja. Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, na mwanafunzi anaweka "would" pande zote mbili. Kiingereza sanifu hakiweki "would" upande wa "if". Upande huo unachukua wakati uliopita hata kama habari ni ya sasa: "If I knew, I would come." Kwa -ngali- ni hivyo hivyo, hatua moja nyuma: "If I had known, I would have come."

Yanayotibika haraka

"I am knowing the answer" na "I am wanting a pen" zinatoka kwenye -na-, ambayo kwetu ni ya kitendo kinachoendelea na cha kawaida pia. Know, want, need, believe, understand, belong na like huandikwa bila -ing katika hali ya kawaida: I know, I want.

"I hear a bad smell" na "I hear hunger" zinatoka kwa kitenzi "kusikia", ambacho kwetu kinahudumia sikio, pua na tumbo. Kiingereza kina smell, feel na hear, kila kimoja na kiungo chake, na njaa ni "I am hungry". Kupiga nako ni hivyo: kupiga simu, kupiga picha, kupiga pasi. Hakuna "beat" humo. Jifunze kama vifungu vizima: call, take a photo, iron.

"Juma is tall than Asha" na "more better": neno fupi linaongezwa -er, refu linatanguliwa na "more", na hazitumiki zote kwa pamoja. Taller than, more beautiful than, better than.

"We discussed about the problem": ondoa "about". "Explain me": andika "explain it to me". "In our village has many trees": Kiingereza kinataka "there are" hapo, "In our village there are many trees", kwa sababu mahali hapawezi kuwa mtenda kama pawezavyo katika "kijijini kuna miti".

La mwisho katika kundi hili hutokea zaidi mdomoni. Mwalimu anauliza, "Didn't you do the homework?" Mwanafunzi anajibu "Yes", akimaanisha "ndiyo, sikufanya". Mwalimu anaelewa kwamba amefanya, na ugomvi unaanza. Kwa Kiingereza usijibu swali, jibu ukweli wenyewe. Hukufanya: "No, I didn't." Ulifanya: "Yes, I did." Namna swali lilivyoulizwa haibadilishi kitu.

Tahajia: "becouse", "I leave in Dodoma"

Kiswahili kina irabu tano na kila moja inasomeka kama inavyoandikwa. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu karibu ishirini, zikigombania herufi zile zile tano. Ndiyo maana cat, cut na cart zote hutoka midomoni mwetu kama "kati", na live na leave zinakuwa neno moja. Ukiandika kwa sikio la Kiswahili utakosea hata ukiwa makini.

Tena tahajia ya Kiingereza ilianza kutulia mapema mno. William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, na katika karne zilizofuata matamshi yaliendelea kubadilika huku herufi zikibaki. Ile k ya "knife" na "know" ilikuwa ikitamkwa zamani. Kwa hiyo usitafute mantiki katika kila neno; lijue kwa jicho na kwa mkono. Tenga kurasa za nyuma za daftari kwa jozi zinazokukanganya wewe: live na leave, this na these, think na thing, collect na correct. Kama lugha yenu ya nyumbani haitofautishi l na r, jozi za namna hiyo ya mwisho zitakuwa nyingi, na ni muhimu uziandike, maana "glass" na "grass" zote ni maneno halali na kompyuta huenda isikuonye.

Chagua pia tahajia moja. Afrika Mashariki shule zetu hufuata ya Uingereza: colour, centre. Za Kimarekani, color na center, zilienezwa sana na kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828, na simu nyingi huzipendekeza zenyewe. Si makosa huko ziliko, lakini kuzichanganya katika insha moja kunaonyesha kutojali.

Sarufi ni safi lakini alama hazipandi

Hapa tatizo ni mtindo. Dalili ya kwanza ni sentensi isiyokwisha, mistari sita yenye mikato mitupu. Mkato hauwezi peke yake kuunganisha sentensi mbili kamili. "I was sick, I did not come" inataka nukta, au neno: "I was sick, so I did not come." Soma kwa sauti, kila mahali unapovuta pumzi ndefu, weka nukta na uanze na herufi kubwa.

Dalili ya pili ni insha ya hoja iliyogeuka hadithi. Swali linauliza kama simu ziruhusiwe shuleni, na mwanafunzi anaanza: "It was early in the morning, the sun was shining and birds were singing." Ameleta mwanzo aliokariri kwa ajili ya masimulizi. Kabla ya kuandika, tazama kitenzi cha swali. "Narrate" ni kusimulia, "describe" ni kueleza kitu kilivyo mpaka kionekane, "explain" ni kufafanua namna au sababu, "discuss" ni kupima pande zaidi ya moja. Katika insha ya hoja, msimamo wako utokee aya ya kwanza, na kila aya ianze na sentensi inayotaja hoja yake, ifuatwe na sababu na mfano. Hoja tatu zilizoshiba ni bora kuliko saba zilizotajwa tu.

Dalili ya tatu ninaipenda na inaniumiza pia, kwa sababu inatokana na adabu. Ni barua ya kuomba kazi inayoanza hivi: "How are you? I hope you are fine. If you want to know about me, I am fine, the only worry is on you. The aim of this letter is to apply for work." Kila Mswahili anaitambua: mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako. Katika barua ya kirafiki salamu hizo ni sawa kabisa, na hata kwa Kiingereza unaweza kuuliza hali. Barua rasmi ya Kiingereza haisalimii. Heshima yake iko katika kutompotezea msomaji muda na katika lugha kamili, yaani "do not" badala ya "don't", na kamwe si "coz" wala "u" za meseji. Anza moja kwa moja: "I am writing to apply for the post of clerk, as advertised on your notice board."

Muundo nao una alama zake. Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya unayemwandikia kushoto, salamu, kisha kichwa cha habari kikianza na RE na kupigiwa mstari. Barua ya kirafiki ina anwani moja tu, ya mwandishi, na haina kichwa cha habari. Mwishoni ndipo wengi huchanganya: ukifungua kwa "Dear Sir or Madam", funga kwa "Yours faithfully", ukifungua kwa jina, kama "Dear Mrs Mushi", funga kwa "Yours sincerely". Neno la pili halianzi kwa herufi kubwa, na "sincerely" ina e katikati. Chini yake weka sahihi, na chini ya sahihi jina lako kamili.